Ndugu Wawili na Mlima Uliozuia Ziwa

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maneno hayo huwafaa watu wote, lakini zaidi huwafaa wenye mashamba, kwani hakuna mahali ambapo ugomvi wa ndugu huota upesi kama mpakani mwa shamba la marehemu baba. Habari ifuatayo ni ya ndugu wawili wa miteremko ya Mlima Kenya, mkubwa mkulima na mdogo karani wa chama cha ushirika, waliosafiri kwa miguu katika nchi ya mawe meusi iliyo kusini mwa Ziwa Turkana. Walikwenda wakiwa hawasemezani, na ilikuwa nusura mmoja wao asirudi.

CHANZO CHA UGOMVI

Baba yao alipofariki aliacha shamba la eka nane, na katikati yake unapita mfereji unaoteremka kutoka mtoni. Mkubwa alipata sehemu ya juu, mdogo akapata ya chini. Kwa miaka michache maji yaliwatosha wote wawili. Kisha mvua zikapungua, na mkubwa akapanda vitunguu vya kuuza. Usiku alikuwa akiuziba mfereji kwa magunia ya udongo, na asubuhi mke wa karani alikuta kabichi zake zimenyauka. Karani, kwa kuwa kazi yake ni kalamu, aliandika. Aliwaandikia wazee wa ukoo, akamwandikia chifu, na mwisho akafungua kesi mahakamani. Kwa muda wa miaka mitatu ndugu hao hawakula chungu kimoja, na watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja.

Mama yao hakuchukua upande wa yeyote. Siku moja aliuza mtamba mmoja, akawaita wote wawili nyumbani kwake, akaweka fedha mezani. Akawakumbusha kwamba baba yao, siku za ujana wake, alikuwa dereva wa lori lililoleta samaki wakavu kutoka Loiyangalani. Kila mara alipofika ziwani aliuona kwa mbali upande wa kusini mlima mweusi uliolala kukingama mwisho wa maji, na wenyeji walimwambia kwamba mlima huo ndio ulizuia ziwa lisimwagike. Miaka yote alisema kwamba siku moja ataacha lori, aende kwa miguu akauone. Hakwenda.

“Fedha hizi ni za baba yenu,” akasema mama. “Sitazigawanya. Nendeni wote wawili mkauone mlima wake, kisha mje mniambie.”

Hakuna aliyekuwa na uso wa kumkatalia. Kila mmoja alifunga mzigo wake.

NCHI YENYEWE

Yafaa msomaji ajue kwanza nchi hiyo ilivyo. Bonde la Ufa, ambalo watu wa Naivasha na Nakuru hulijua kwa mashamba mazuri, likiendelea kaskazini hushuka na kuwa kavu, hata kufika bonde la Suguta. Sakafu ya bonde hilo upande wa kaskazini iko chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na joto lake mara nyingi hupita nyuzi 40 za sentigredi. Mto Suguta, unaopata maji kutoka chemchemi za moto za Kapedo karibu na mlima Silali, hutiririka mchangani hadi Ziwa Logipi, ziwa dogo la magadi lenye heroe.

Mbele ya Logipi bonde limefungwa. Ardhi ya Bonde la Ufa huachana polepole sana, upande huu na upande ule, na mahali inapokuwa nyembamba mawe yaliyoyeyuka hupanda kutoka chini. Hapo yalipanda mara nyingi, yakajenga milima minne ya moto iliyopandana: Kalolenyang, Kakorinya, na Likaiu miwili, ya magharibi na ya mashariki. Milima hiyo pamoja imekuwa kama ukuta kutoka ng’ambo moja ya bonde hadi nyingine, na kilele chake hufikia mita zipatazo 1,000. Wataalamu wa ramani huuita ukuta huo kwa jina lenye maana ya kizuizi. Nyuma yake, kaskazini, ndipo liliko Ziwa Turkana, lenye urefu wa kilomita zipatazo 250, na uso wake uko takriban mita 360 juu ya usawa wa bahari. Basi maji yako juu, na bonde kavu liko chini zaidi ya mita 60, na kati yao uko mlima.

Nchi hiyo si ngeni kwa watu wanaosema Kiswahili. Mwaka 1887 Count Samuel Teleki wa Hungaria, pamoja na afisa wa majini Ludwig von Höhnel, waliondoka pwani na msafara wa wapagazi, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani. Machi 1888 walifika kwenye ziwa hilo wakiwa hoi kwa kiu. Wapagazi walikimbilia majini, wakayaonja, wakakuta ni maji ya magadi. Teleki akaliita ziwa kwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, na jina hilo likakaa mpaka mwaka 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana. Katika safari hiyo waliona mlima mmoja mdogo kwenye mteremko wa kaskazini wa kizuizi ukitoa moshi na moto. Ramani mpaka leo huuita kwa jina la Teleki. Majina ya wapagazi waliobeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja juu ya mawe yale hayamo katika ramani yoyote.

SAFARI YAANZA

Ndugu wale walipanda gari mpaka Tum, kijiji kilicho chini ya Mlima Nyiru, ambao Wasamburu huuheshimu kama mahali patakatifu. Hapo maji hushuka kutoka msituni, na watu hawana shida. Walipata kijana wa Kisamburu mwenye punda wawili, naye akawaongoza kuteremka mpaka Parkati, kwa Waturkana. Huko walikabidhiwa kwa mzee mmoja aliyechunga mbuzi katika nchi ile tangu utoto wake.

Kabla ya kuondoka walijiandikisha kwa chifu na kwa polisi, na walifanya vyema. Nchi ile imejua damu. Novemba 2012 askari polisi wapatao 40 waliuawa katika bonde la Suguta, upande wa Baragoi, walipokuwa wakifuatia ng’ombe walioibwa. Hata kumwona Msamburu na Mturkana wakifunga kamba za punda mmoja ni jambo la kushukuru Mungu. Karani alimwuliza mzee kama haogopi. Mzee alijibu kwamba babaye kijana yule aliwahi kumpa maji mwaka wa njaa, na kwamba watu wawili waliokunywa kibuyu kimoja hupigana kwa shida.

Kila mtu alikuwa na mzigo wake mgongoni: blanketi, unga, chumvi, majani ya chai, viatu vya pili na chupa ya maji. Punda walibeba madumu manne ya maji, kila moja lita 20. Mzee alisema kwamba baada ya kisima cha Parkati hawatakuta maji mengine mpaka ziwani. Kwamba watatembea usiku na kulala mchana. Na kwamba atakayetaka kupita jua likiwa juu, apite peke yake.

Karani hakuyapenda maneno hayo. Katika simu yake alikuwa na ramani iliyoonyesha kila kilima, hata pale pasipo na mtandao, na hakuona sababu ya kuzunguka mahali ambapo mstari ulikuwa umenyoka. Lakini alinyamaza. Ndugu yake naye alinyamaza, akatembea nyuma kabisa, akiwa amemwacha kijana na punda wote wawili kati yake na mdogo wake.

DUMU LAPASUKA

Usiku wa kwanza walikwenda vizuri kwa mwanga wa mwezi. Alfajiri walianza kupanda mawe meusi yenye ncha kama chupa zilizovunjwa. Hayo ni mawe yaliyotoka yakiwa kama uji wa moto, yakapoa upande wa juu huku ya chini yakiendelea kutembea, na gamba lake likavunjika vipande vipande. Mtu hawezi kuyashika kwa mkono asichubuke. Katika mpando mmoja mwembamba punda wa mbele aliteleza, akaangukia ubavu, na dumu moja likapasuka. Waliyatazama maji yakiingia mawe na kupotea. Hapakubaki hata alama ya unyevu.

Mzee aliyahesabu yaliyobaki. Madumu mawili yalikwisha kutumika, kwani punda nao hunywa. Lililobaki lilikuwa na lita kama 15, za watu wanne na punda wawili, mchana mzima na usiku mzima. Aliwapeleka chini ya mwamba uliotokeza kama paa, akampa kila mtu kikombe kimoja, akasema, “Sasa laleni. Anayelala hanywi. Jua likitua tutapanda, na asubuhi mtanawa nyuso ziwani.”

Karani hakulala. Alipiga hesabu kama alivyozoea kazini. Simu ilionyesha kwamba ziwa liko mbele kilomita tisa tu. Kilomita tisa ni mwendo wa saa mbili, tatu zikizidi. Kuketi saa kumi na mbili pasipo maji ya kutosha, kwa sababu mchungaji mmoja amesema hivyo, kulionekana kwake kuwa ujinga. Saa tatu ya asubuhi, wenzake walipokuwa wamesinzia, alichukua chupa yake iliyokuwa nusu, akaondoka.

Mkubwa wake alizinduka baadaye, akaona mahali patupu. Mzee alisimama kuchukua fimbo. Mkulima akamzuia, akasema, “Yule ni mdogo wangu. Nitakwenda mimi.” Mzee alimtazama kwa mshangao, kwa kuwa siku tatu hizo hakuwa amewasikia watu hao wakiambizana neno. Akampa fimbo yake, akamwonyesha jinsi ya kufuata mawe yaliyogeuzwa na viatu, kwamba upande wa chini wa jiwe huwa na vumbi na upande wa juu husafishwa na upepo. Kisha naye akamfuata kwa nyuma, akamwacha kijana na punda.

MAJI YA NDUGU

Walimkuta karibu saa sita, na hakuwa amekwenda hata kilomita tatu. Juu ya mawe yale hakuna mwendo ulionyoka, kwani mtu hupanda, hushuka na kuzunguka mashimo, na ramani haihesabu hatua hizo. Joto la jua lilitoka juu na joto la mawe likatoka chini. Soli ya kiatu chake kimoja ilibanduka kwa sababu gundi iliyeyuka. Simu ilizidiwa na joto ikazimika yenyewe. Chupa yake ilikuwa tupu. Alikuwa ameketi akiegemea jiwe lisilo na kivuli, ngozi yake kavu bila jasho, naye akizungumza peke yake habari za faili za kazini.

Mkubwa alichuchumaa, akafungua chupa yake, akamwekea mdomoni. Hata katika hali ile karani aligeuza uso. “Kunywa mwenyewe,” akasema. “Maji ni yako. Umezoea kuyafunga.”

Mkulima hakujibu. Aliendelea kuishika chupa palepale, mkono ukimtetemeka. Hapo mzee akafika. Alitazama chupa, akawatazama wale wawili, akasema kwa sauti ya upole, “Huku kwetu mtu akikataa maji ya nduguye, sisi huuliza kwanza ni nani aliyeuawa. Kwenu ni nani aliyeuawa?”

Hakuna aliyesema.

“Nauliza tena. Aliuawa mtu?”

“Hakuuawa mtu, Mzee,” akajibu mkulima. “Ni mfereji tu.”

“Mfereji ni kitu gani?”

Ikabidi aelezwe. Mkulima alimweleza, maneno yakitoka moja moja, kwamba ni njia iliyochimbwa ili maji ya mto yapite shambani. Mzee akauliza kama maji hayo hupita wakati wa mvua peke yake. Akaambiwa la, hupita kila siku. Akauliza kama ni machungu. Akaambiwa ni matamu. Mzee akaketi juu ya jiwe, akanyamaza kitambo.

“Kila siku,” akasema mwisho.

Hakuongeza neno jingine, wala hakuwahukumu. Karani alifungua mdomo akanywa, kidogo kidogo kama alivyoagizwa, mpaka chupa ya nduguye ikaisha. Kisha walimfunikia kichwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya mzee, wakamwinua, na mkulima akambeba mgongoni pale palipowezekana, na palipokuwa pabaya akamshika mkono kama mtoto. Mzigo wake mwenyewe alikuwa ameuacha chini ya mwamba. Siku hiyo alibeba mzigo mmoja tu.

JUU YA MLIMA

Jua lilipotua walipanda tena. Karani alikuwa amevaa viatu vya pili vya ndugu yake, ambavyo vilikuwa vikubwa kidogo, na walitembea wakifuatana, mkubwa nyuma na mdogo mbele, pasipo punda kati yao. Mzee aligawa maji kwa kikombe kimoja, akianza na punda, kisha kijana, kisha wageni, na yeye mwisho. Upepo wa nchi ile, ambao huvuma kutoka kusini-mashariki na kuzidi nguvu usiku na alfajiri, uliwasukuma hata mara nyingine waliinama kushika mawe.

Kulipopambazuka walikuwa juu ya kizuizi. Upande wa kaskazini ziwa lilianza kuonekana, kwanza la kijivu, kisha jua lilipolipiga likawa la kijani kibichi. Chini yao, kwenye mteremko, kilikuwepo kilima cha Teleki kilichomwaga mawe yake meusi kama wino mpaka ukingoni mwa maji, na mbele kabisa, majini, Nabuyatom, kilima cha mviringo chenye shimo katikati mfano wa bakuli. Mbali zaidi kilionekana kisiwa cha kusini, ambako mwaka 1934 wataalamu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua wasionekane tena mpaka leo.

Upande wa kusini, chini kabisa, lilikuwapo bonde la Suguta, jeupe kwa chumvi na vumbi.

Mzee aliwaeleza anayoyajua, na mengine wataalamu wameyathibitisha kwa kuchimba udongo wa bonde. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, Suguta pia lilikuwa ziwa, na kina chake kilikaribia mita 300. Kisha mvua zikageuka. Ziwa la kaskazini lilibaki kwa sababu lina mto Omo, unaotoka Ethiopia na kulipa sehemu kubwa kabisa ya maji yake. Suguta halikuwa na mto wa namna hiyo, na mlima ulisimama kati yake na jirani mwenye maji. Likakauka.

Mkulima alisimama akitazama upande huu, kisha upande ule. Alitazama kwa muda mrefu mno, mpaka kijana akadhani anaumwa. Mwisho akauliza, “Na mlima huu hauwezi kuruhusu hata kidogo?”

“Mlima ni jiwe,” akasema mzee. “Jiwe haliombwi.”

Mkulima akaitika kwa kichwa. Akainama, akachota kiganja cha majivu meusi katika ufa wa mwamba, akayasugua kwa vidole jinsi mkulima asuguavyo udongo wa shamba analotaka kulinunua. Aliwahi kufundishwa na bwana shamba kwamba Mlima Kenya nao ulikuwa mlima wa moto, miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita, na kwamba udongo mwekundu wa kwao umetokana na mawe ya namna hii yaliyooza polepole kwa mvua. Akamwonyesha mdogo wake kiganja.

“Shamba la baba lilianza hivi,” akasema.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa ndugu yake kwa muda wa miaka mitatu, ukiacha kesi. Karani alichukua punje chache, akazitia katika mfuko wa shati.

ZIWANI

Walifika majini kabla ya saa nne, dumu likiwa limebaki na maji ya vikombe viwili. Punda waliingia mpaka magotini. Mkulima alipiga magoti, akanywa kwa mikono, akakunja uso, kisha akacheka. Baba yao alizoea kusema kwamba maji ya ziwa lile yana ladha ya sabuni iliyoungwa chumvi, nao utotoni hawakumsadiki. Karani akanywa, naye akacheka. Mzee aliwakataza wasikae sana ukingoni kwa ajili ya mamba.

Ilikuwapo siku nne nyingine za kutembea kando ya ziwa mpaka Loiyangalani, mahali penye chemchemi na mikoche. Njiani walikutana na wavuvi, nao walizungumza habari za ziwa. Miaka ya karibuni maji yamepanda, yakafunika sehemu za pwani ambazo watu walizoea kukaa. Lakini wazee hawaachi kutazama kaskazini, kwani katika mto Omo lilifunguliwa bwawa kubwa la umeme la Gibe III mwaka 2016, na mwaka 2018 mbuga za Ziwa Turkana zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Anayekaa chini ya maji, akasema mvuvi mmoja, hulala jicho moja likiwa wazi.

Karani alimtazama ndugu yake. Ndugu yake alikuwa akitazama moto.

Usiku huo waliongea. Walichosema hakikusikiwa na mzee wala na kijana, ambao walikuwa wamekwisha kujifunika. Asubuhi mkulima alimlipa mzee ujira wake, akamwongeza blanketi lake mwenyewe. Walipoagana mzee alimwambia karani, “Ukirudi, uje na mtoto wako. Lakini ramani uiache nyumbani, au uje nayo usiku.” Wote wakacheka, na karani zaidi ya wote.

Waliporudi kwa lori walipita katikati ya ile mitambo mirefu ya upepo, 365 kwa jumla, iliyozinduliwa mwaka 2019 ili upepo wa nchi ile utoe umeme. Mkulima alisema kwamba hata upepo uliokuwa ukiwasukuma usiku ule sasa umefungwa nira ukalima.

NYUMBANI

Wasomaji watakaotaka kwenda huko wasidhani kwamba ni matembezi. Yafaa kwenda na wenyeji wa pande zote mbili, kuuliza habari za amani kwa chifu na polisi, kubeba maji zaidi ya unavyodhani, na kumtii anayeijua njia. Simu ni kitu chema, lakini haina kiu, na kisicho na kiu hakiwezi kukufundisha mahali pa kupumzika.

Ama ndugu wale, juma la pili baada ya kurudi mkulima alikwenda mpakani kabla hakujakucha, akayaondoa magunia yote, akatengeneza mlango mdogo wa mbao katika mfereji. Siku tatu maji huenda juu, siku tatu huenda chini, na Jumapili yote humwendea mama. Karani aliomba ruhusa kazini, akaenda mahakamani, akaandika barua ya kuiondoa kesi. Wakili alimkumbusha kwamba gharama alizolipa hazitarudi. Akajibu kwamba anajua.

Jioni hiyo wote wawili walikwenda kwa mama. Aliwapa uji katika kibuyu kimoja, kwa makusudi au kwa bahati, hakuna aliyeuliza.

“Mliuona mlima?” akauliza mama.

“Tuliuona,” akasema mkubwa.

“Ni kweli umezuia ziwa, kama alivyosema?”

“Ni kweli, Mama,” akasema mdogo, akampokeza ndugu yake kibuyu.